Inua Jamii ya ulemavu mkubwa: tukipimwa upya, nani atabaki?

#1 Ukili (Amu)
Salaam aleikum wanajamvi. Kuna maneno yanazunguka mitaa yetu ya Langoni na Mkomani hapa Amu (Lamu), na yameshavuka hadi Faza na Mokowe. Wanasema kwa kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imefuta ile ya 2003, kila anayepokea Inua Jamii ya ulemavu mkubwa (ile ruzuku ya Serikali ya Sh2,000 kwa mwezi) atapimwa upya tangu mwanzo, kadi za zamani zitakuwa karatasi tu, na atakayekutwa ndani ya nyumba ya mawe atatolewa. Walezi wa watoto wenye mtindio wa ubongo wameanza kukopa nauli za boti kuja hospitali ya King Fahd kutafuta ripoti mpya ya daktari kabla hawajaambiwa na mtu yeyote walete. Wanaojua kazi hii watueleze: lipi la kweli, lipi uvumi, na mlezi ajitayarishe vipi bila kupoteza pesa za bure?

#2 Karani_Mstaafu (Malindi)
Wa aleikum salaam. Watu wanachanganya mambo matatu, na hofu nyingi inatoka hapo.

La kwanza ni usajili wa ulemavu. Unakwenda hospitali ya serikali, kamati ya madaktari inakupima, ripoti inatoka, kisha unaomba usajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kupitia eCitizen. Hapo ndipo kadi inapotoka. Kadi inakusaidia kwa vifaa, karo, msamaha wa kodi kwa wenye mishahara, na mengineyo. Kadi haikuingizi kwenye Inua Jamii.

La pili ni Inua Jamii yenyewe. Huo ni mpango wa wizara inayoshughulikia ulinzi wa jamii. Haukuzaliwa na sheria ya 2003, kwa hiyo kufutwa kwa sheria ile hakuufuti. Sehemu ya ulemavu mkubwa ilianza 2011, na shabaha yake ni nyumba maskini yenye mtu anayehitaji kuangaliwa saa 24. Ina masharti mawili kwa pamoja: ulemavu wa namna hiyo, na umaskini.

La tatu ni SHA, ambayo ni mamlaka ya bima ya afya. Hiyo ndiyo kweli iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na kila mtu alitakiwa ajisajili upya. Nadhani hapo ndipo neno "usajili upya" lilipoingia midomoni mwa watu, kisha likahamishiwa kila mahali.

Na kuhusu kadi za zamani: Sura ya 2 ya sheria zetu, kifungu cha 23(3), inasema kufutwa kwa sheria hakuondoi haki iliyokwisha kupatikana chini ya ile iliyofutwa, isipokuwa sheria mpya iseme vinginevyo. Mtu asitupe kadi yake.

#3 BintiShela
Ahsante Karani, umefafanua vizuri. Lakini nakataa kitu kimoja. Unasema ni uvumi, na watu wanatolewa kweli. Si kwa sheria, kwa kimya kimya. Mwezi huu pesa zimeingia, mwezi ujao hakuna, barua hakuna, ujumbe wa simu hakuna. Kwa mlezi aliyeko Ndau, kutolewa ni kutolewa, awe amefutwa na Bunge au na kompyuta.

#4 Mlezi_Ngomeni
Dada Binti ana haki. Ila "kutolewa" na "kukwama" ni vitu viwili, na dawa zake ni mbalimbali. Kabla ya kulia kwamba umefutwa, angalia haya kwa mpangilio huu:

Uliza jirani anayepokea mpango huohuo. Kama naye hajapata, tatizo ni Hazina, si wewe. Malipo haya huchelewa kisha huja ya miezi miwili pamoja, Sh4,000 badala ya Sh2,000. Usipande boti kwa ajili hiyo.

Kama jirani kapata na wewe hukupata, angalia laini. Tangu malipo yaanze kuhama kutoka kadi za benki kwenda kwenye simu, hiki ndicho chanzo kikubwa. Jina la laini lazima lioane na jina la mtu aliyeandikwa kupokea. Wengi huku wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto wa kaka, au cha mume aliyekwenda Mombasa. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ile uliyowapa haimo, pesa haitaingia hata ungoje mwaka.

Halafu mlezi. Mlezi akifariki, akiolewa akahama, au akaugua mwenyewe, na hakuna aliyepeleka habari, jina lililoko kwenye mfumo ni la mtu asiyekuwepo. Mlezi mpya aende kwa chifu na kitambulisho chake, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa cha mwenye ulemavu, na hati ya kifo kama ipo, kisha afike kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, kwa sababu mabadiliko yanaingizwa kwenye mfumo kutoka huko. Barua ya chifu peke yake ikibaki mfukoni haibadilishi kitu.

#5 Nahodha_Pate
Na majina. Mlezi_Ngomeni umesahau majina. Huku kwetu kitambulisho kinasema Athman, cheti cha kuzaliwa kinasema Othman, kadi ya kliniki imeandikwa Asman. Swaleh na Saleh. Bi Fatuma na Fatma. Mtu mmoja kwa wanaadamu, watu watatu kwa kompyuta.

#6 Mlezi_Ngomeni
Kweli kabisa Nahodha. Kwa tofauti ndogo ya herufi watu hukimbilia hati ya kiapo kwa wakili. Inasaidia kwa muda, ila kila ofisi itaiomba tena. Bora kurekebisha cheti cha kuzaliwa kwa msajili mara moja kifuate kitambulisho, halafu ndipo uombe ripoti ya daktari. Ukianza na ripoti yenye jina bovu, kosa linasafiri nayo mpaka kwenye kadi.

#7 Nahodha_Pate
Basi niseme la safari, maana hilo nalijua. Mtu kutoka Kizingitini, Faza au Siyu akimleta mgonjwa asiyeweza kukaa, kitu cha kwanza ni kujua maji. Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakiwa yamekupwa. Boti ikikwama mle na mtoto mwenye kifafa juani, hiyo ni hatari nyingine kabisa. Na kushuka gatini maji yakiwa chini, ngazi huwa tupu na zina utelezi, humbebi mtu mzima pale kwa mikono miwili. Panga kufika maji yakiwa yamejaa. Chukua watu wawili wa kubeba zaidi ya mlezi, kwa sababu mlezi ndiye atakayejibu maswali ya daktari na asifike akiwa amekwisha nguvu.

La pili, kamati haikai kila siku. Piga simu hospitali uulize siku ya kupima, na uulize kama daktari wa aina ya ulemavu ule atakuwepo. Mtu wa masikio akija siku ambayo hakuna wa kumpima masikio, atarudishwa.

#8 Ukili
Nahodha, Mola akujaze. Je, Faza na Mpeketoni hawapimi?

#9 Nahodha_Pate
Uliza kwao kwanza kwa simu. Kuna wakati kamati hutoka ikaenda kwa watu, hasa maafisa wa Baraza wakipanga zoezi la pamoja na hospitali. Wanaotaka zoezi lije kisiwani waandikishe majina kwa chifu: jina, umri, aina ya ulemavu, namba ya simu ya mlezi. Orodha ndefu yenye majina kamili ina nguvu kuliko malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

#10 Mmalindi_Leicester
Salaam kutoka Uingereza. Naandika kwa sababu huku jambo hili limeshapita na lina mafunzo. Walikuwa na posho ya ulemavu iitwayo DLA tangu 1992. Kuanzia Aprili 2013 wakaanza kuleta PIP mahali pake kwa watu wazima walio na umri wa kufanya kazi, na wenye DLA wakaitwa kupimwa upya. Serikali ilisema wazi tangu 2010 kwamba inataka kupunguza gharama hiyo kwa asilimia 20, kwa hiyo hofu ya watu haikuwa ya kijinga.

Vipimo vilibadilika. Zamani katika DLA mwongozo uliozoeleka kwa mtu asiyeweza kutembea ulikuwa kama mita 50. Kwenye PIP, ili upate malipo ya juu ya kutembea, kikomo kikawa mita 20. Mtu yule yule, mguu ule ule, akapoteza. Maswali ni ya shughuli 10 za nyumbani na 2 za kutembea, kila jibu lina pointi, 8 ni kiwango cha kawaida na 12 ni cha juu.

Kilichowaokoa wengi ni kanuni moja: huhesabiwi kuwa unaweza kitu kama huwezi kukifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila unapohitaji, na ndani ya muda usiozidi mara mbili ya mtu asiye na ulemavu. Wanaojibu "naweza kupika" walikosa. Wanaoeleza "naweza kuwasha jiko, lakini nimeshaungua mara kadhaa kwa sababu mkono hausikii moto" walipata. Na aliyekataliwa aliomba uamuzi uangaliwe tena ndani ya mwezi mmoja, kisha akaenda kwa jopo huru la rufaa. Walioshinda huko ni wengi.

#11 Karani_Mstaafu
Ndugu wa Leicester, karibu na ahsante. Lakini tahadhari, msiichukue PIP mkaivisha Inua Jamii. PIP haiangalii kipato. Tajiri na maskini wote wanaweza kupata, kwa sababu ni fidia ya gharama za ulemavu. Yetu inaangalia umaskini wa nyumba kwanza. Mtu wa Leicester aliogopa kuulizwa "unatembea mita ngapi". Mtu wa Amu anaogopa kuulizwa "paa lako ni la nini". Ni mitihani miwili tofauti.

#12 Mmalindi_Leicester
Nakubali Karani. Nilichotaka watu wachukue ni namna ya kueleza, si sheria yenyewe.

#13 Maalim_Siyu
Na hiyo namna ya kueleza ndiyo inayotuangusha sisi watu wa pwani. Maswali ya ulemavu yanayotumika sana, na ndiyo yaliyotumika katika sensa ya 2019, ni sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Kinachohesabiwa kuwa ulemavu ni kuanzia "ugumu mkubwa". Sensa ile ikatoa asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi, yaani watu 918,270 Kenya nzima. Wengi wanaona ni ndogo mno.

Sasa mtazame mama wa Kisiwani. Anakuja kijana na simu ya kuandikia, anauliza, "Mtoto hajambo?" Atajibu nini? "Hajambo, alhamdulillah." "Anaweza kula mwenyewe?" "Anakula, ashukuriwe Mola." Hajasema uongo. Mtoto anakula, analishwa kwa kijiko kwa dakika 45 kichwa kikiwa kimeshikwa asipaliwe. Lakini kijana ameshabonyeza "ugumu kiasi" na amehamia swali la pili. Na yale ya chooni na kuoga hayasemwi mbele ya kijana wa kiume kabisa. Stara imeficha nusu ya ulemavu.

Walezi waambiwe: kumshukuru Mola ni kwako na Mola wako. Karani wa fomu mweleze kazi. Na kama muulizaji ni mwanamume na mambo ni ya sitara, mlezi ana haki ya kuomba aje mwanamke, au jibu litolewe faragha.

#14 BintiShela
Maalim umesema kweli tupu. Naongeza: andikeni kazi ya siku saba kabla ya kupimwa. Daftari la shule linatosha. Saa ngapi amegeuzwa kitandani (mtu asiyejigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia, au vidonda vya kulalia vinaanza kiunoni na visiginoni). Nepi ngapi kwa siku. Amelishwa kwa muda gani. Nani amebaki naye mlezi alipokwenda kisimani. Kwa kifafa: tarehe, saa, dakika ngapi, aliumia wapi, alilala muda gani baadaye. Mwenye kifafa akifika kwa daktari siku ambayo hajaanguka anaonekana mzima kabisa. Daftari ndilo linalosema kuhusu siku nyingine.

Na msipeleke daftari peke yake. Kadi ya kliniki, karatasi za kutoka wodini, eksirei, kipimo cha masikio, majina ya dawa na vipimo vyake. Nakala mbili za kila kitu, asili mkononi mwako.

#15 Tarishi_Mambrui
Hayo yote mazuri, lakini nyinyi mnazungumza ulemavu. Wanaotolewa hawatolewi kwa ulemavu. Wanatolewa kwa nyumba. Taarifa za nyumba zinakusanywa kwenye sajili moja ya serikali: ukuta wa nini, sakafu ya nini, paa la nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mna mifugo mingapi, mna televisheni. Mashine inatoa alama kutokana na hayo. Hakuna anayeuliza una deni kiasi gani dukani.

Huku Malindi kuna jambo mahsusi. Walinzi na wapishi wa nyumba za wageni Casuarina na Watamu wanaishi vyumba vya nyuma. Mwenye kuhesabu anaingia getini, anaona umeme, maji ya bomba, bwawa la kuogelea. Kama hakuambiwa wazi kwamba familia hii si wenye nyumba, inalala chumba kimoja kwa sababu ya kazi na ikifutwa kazi inatoka siku hiyo hiyo, ataandika alichokiona.

#16 Ukili
Tarishi, hapo umenigusa, kwa sababu Amu jambo hilo ni kubwa zaidi. Nyumba ya mawe ya Mkomani ina ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa nzima. Kwenye fomu ni "ukuta wa mawe", na mawe ni alama ya mwenye nacho. Ukweli ni kwamba ni nyumba ya mirathi, ya babu, haijagawanywa, kila tumbo lina chumba chake. Dari inavuja. Huwezi kuibomoa wala kuibadilisha upendavyo, kwa sababu mui (mji) mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2001 na una masharti yake. Kuuza lazima warithi wote waridhie, na wengine wako Muscat. Kwa hiyo mtu analala ndani ya mali asiyoweza kuila.

#17 Karani_Mstaafu
Jibu la hapo liko kwenye tafsiri ya kaya. Takwimu za Kenya zinahesabu kaya kuwa watu wanaoishi boma moja, wanaomtambua mkuu mmoja, na wanaokula pamoja. Nyumba si kaya. Nyumba moja ya ghorofa mbili Mkomani inaweza kuwa na kaya nne. Mlezi aseme tangu swali la kwanza: "Humu tuna vyungu vinne, mimi na mwanangu chungu chetu ni hiki." Halafu kwenye swali la umiliki aseme ni ya mirathi haijagawanywa, si "yetu". Akisema "yetu", mali ya binamu mwenye jokofu na pikipiki inaandikwa juu yake.

#18 Fundi_Dau
Vyungu vinne! Nyumba ya kwetu hata Karani hangevimaliza kuvihesabu. Lakini Karani, nakuuliza kwa heshima: karani wa fomu akikataa je? Akisema mlango mmoja, kaya moja?

#19 Karani_Mstaafu
Bwana Fundi, omba jina lake na jina la msimamizi wake, andika tarehe, kisha peleka barua kwa naibu wa chifu siku hiyo au kesho yake. Malalamiko ya wiki hiyo yanarekebishika kwa urahisi kuliko ya mwaka ujao. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokea. Bila muhuri hukupeleka barua, ulipeleka maneno.

#20 BintiShela
Bado hatujajibiwa: kwa nini hawatoi taarifa? Mimi naona wanapunguza watu makusudi, kama wale wa Uingereza na asilimia 20 zao, ila wetu hawasemi.

#21 Tarishi_Mambrui
Mimi naona si makusudi. Ni mifumo isiyozungumza. Huyu yuko kwenye sajili kwa namba ya cheti cha kuzaliwa, amefika miaka 18, sasa mfumo unamtaka kwa kitambulisho, kitambulisho hana, jina linaning'inia.

#22 Mlezi_Ngomeni
Na mimi naona ni bajeti. Sh2,000 haijapanda kwa zaidi ya miaka 10 huku unga na nepi vikipanda, na idadi ya wazee na walemavu wanaostahili inaongezeka. Pesa ikiwa ile ile na watu wakiongezeka, lazima kuwe na msumeno mahali. Msumeno ni hizo alama za nyumba.

#23 Maalim_Siyu
Na wapo wanaotimiza miaka 70 wakaonekana wamefutwa kwenye ulemavu, kumbe wamehamishiwa kwa wazee. Mtu hapokei mara mbili. Huyo hajapoteza kitu, ila lazima ahakikishe amekwisha kuingia upande wa pili, kwa sababu kati ya kutoka huku na kuingia kule ndipo watu hupotea.

#24 Ukili
Basi mtu akikatwa bila sababu, ana haki gani? Wenye sheria semeni.

#25 Wakili_wa_Bandarini (Malindi)
Nimesoma uzi wote, ahsanteni. Kwa ufupi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(3), inaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 54 ni cha watu wenye ulemavu. Lakini kinachofanya kazi ofisini ni cha 47: uamuzi wa kiutawala uwe wa haki, na anayeathiriwa vibaya ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 ya Hatua za Haki za Kiutawala inatilia nguvu hapo: uarifiwe kabla, upewe nafasi ya kusema, na ukiomba sababu ujibiwe kwa maandishi ndani ya miezi mitatu. Miezi hiyo ni muda wao wa kujibu, si muda wenu wa kungoja. Ombeni mara tu malipo yanapokatika.

Njia ya pili ni nyepesi kuliko kesi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa iliyoko kwa ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, na wana siku 21 za kujibu. Andika hivi tu: "Mimi fulani, kitambulisho namba fulani, mlezi wa fulani. Naomba kujua hali ya usajili wake katika Inua Jamii, tarehe ya malipo ya mwisho, sababu ya kusimama, na hatua ya kurekebisha." Mistari minne. Usiandike historia ya maisha. Asiyejua kuandika asaidiwe na ofisa mwenyewe, sheria inamtaka ofisa aliandike ombi.

Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Haitozi ada.

#26 Mmalindi_Leicester
Wakili, huku wakati wa kuhama mtu aliyefuata muda aliopewa aliendelea kulipwa DLA mpaka uamuzi wa PIP utoke, na wiki nne zaidi. Je, nyumbani mtu anaweza kudai alipwe wakati malalamiko yanashughulikiwa?

#27 Wakili_wa_Bandarini
Kuendelea kulipwa moja kwa moja, hapana, ila kwa amri ya mahakama. Unachodai ni malimbikizo ukirejeshwa. Kwa hiyo tarehe ya barua ya kwanza ni muhimu sana, ndiyo inayoonyesha tangu lini ulisema.

#28 Fundi_Dau
Na SHA? Mtoto wa kliniki ya kifafa anatakiwa dawa kila mwezi, na mama hana mia tatu za kila mwezi. Kwa nini naye alipe?

#29 Msimamizi
Fundi, la SHA lina uzi wake, tafadhali tusihame sana. Mjibuni kwa ufupi turudi.

#30 Karani_Mstaafu
Kwa ufupi basi. Wenye mshahara wanakatwa asilimia 2.75. Wasio na mshahara wanapimwa kwa maswali ya nyumba kupitia *147# au tovuti ya Afya Yangu, na hakuna anayepangiwa chini ya Sh300 kwa mwezi, ila hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Asiye na uwezo kabisa analipiwa na Serikali, kwa mujibu wa sheria. Maswali yake yanafanana na yale ya Tarishi, kwa hiyo jibuni ukweli ule ule kote: kaya ile ile, nyumba ya mirathi ile ile. Mtu aliyejaza kwa haraka kwa wakala wa simu, wakala akamwandikia majibu ya kubuni, aingie arekebishe.

#31 Tarishi_Mambrui
Hapo kwa wakala ndipo balaa lote. Wakala anajaza watu hamsini kwa siku kwa majibu ya aina moja.

#32 BintiShela
Narudi kwa wanaofika miaka 18, maana Tarishi ameligusa na hakuna aliyelifuata. Kijana ana mtindio wa ubongo, vidole vimekunjamana, havifunguki. Alama za vidole zinachukuliwaje? Mlezi ameambiwa arudi "vidole vikikaa sawa". Havitakaa sawa.

#33 Mlezi_Ngomeni
Hilo si jibu la ofisa. Kabla ya kwenda, mkande mikono kwa maji ya uvuguvugu na mafuta dakika 20 hivi, asubuhi kabla hajachoka. Misuli iliyokaza hulegea kidogo baada ya joto. Msimlazimishe kufungua kwa nguvu, mfupa utavunjika. Anza na kidole gumba, mara nyingi ndicho kinachofikika. Kama havichukuliki kabisa, ripoti ya daktari iseme wazi kwamba mikono imekunjamana na alama haziwezi kuchukuliwa, na mlezi aipeleke kwa msajili aandike hivyo kwenye fomu.

Na msingoje siku ya kuzaliwa. Vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi viwe tayari akiwa na miaka 17.

#34 Nahodha_Pate
Wazazi wakiwa wamefariki na mlezi ni bibi?

#35 Wakili_wa_Bandarini
Hati za vifo vya wazazi, cheti cha kuzaliwa cha kijana, kitambulisho cha bibi, na barua ya chifu inayoeleza ukoo. Kama bibi anataka pia kusimamia mali ya kijana baada ya 18, hilo ni ombi la mahakamani, tofauti na Inua Jamii. Kwa kupokea Sh2,000 anahitaji tu kuandikwa kuwa mlezi.

#36 Ukili
Nimeyakusanya ya #4, #7, #14, #17 na #25 kwenye karatasi moja, nitaipeleka kwa naibu wa chifu wa Langoni isomwe barazani Jumamosi. Nahodha, kuna boti ya kwenda Faza kabla ya hapo ya kupeleka nakala?

#37 Nahodha_Pate
Ipo kesho asubuhi, maji yakijaa. Mpe nakala kijana wa forodhani kabla ya alfajiri. Na fanya za maandishi makubwa, wanaozisoma ni mabibi.

#38 BintiShela
Ukili, kwenye karatasi usiandike kwamba wanaotolewa ni kwa sababu ya nyumba. Hilo hatujakubaliana. Mimi bado nasema wanapunguza watu.

#39 Tarishi_Mambrui
Na mimi bado nasema mifumo. Andika sababu zote, Ukili, kila mlezi ajikague nazo moja moja.